Masale ya Rubani

Kwetu Malindi, hii ya milimani Lushoto, si ile ya pwani, ukungu ukishuka asubuhi unaingia mpaka jikoni, unakaa na watu. Unapuliza moto, moshi na ukungu vinagombania mlango, hujui kipi kinatoka na kipi kinaingia. Ndani ya ukungu huo nimekuwa nikisikia ndege tangu utotoni. Si ndege ya kweli, jamani, msinicheke. Ni mvumo tu, unapita juu ya paa, unakohoa mara mbili, unanyamaza. Nilipokuwa mdogo nikimwambia mama alinikata jicho. "Nyamaza. Hayo hayasemwi humu ndani."

Hayakusemwa ndani kwa sababu nje kijiji kizima kiliyasema. Wakati wa vita vya Mwingereza na Mjerumani, vile vya pili, ndege ilipotea kwenye ukungu ikatua kwa tumbo katika shamba la mahindi, juu kabisa, ukingoni mwa msitu. Jirani alimwona babu yangu, baba yake mama, akipanda kule alfajiri na panga mkononi. Watu wengine walipofika walikuta ndege ipo, damu ipo kitini, mikanda imekatwa, rubani hayupo, na babu hayupo. Babu alirudi baada ya siku nne, shuka lake limegandiana damu mgongoni, hataki kuongea na mtu.

Wiki hiyo hiyo kikaonekana kifusi kipya chini ya shamba lake, kando ya kijito, kimezungushiwa masale. Sasa sisi Wasambaa masale hatupandi kwa urembo. Majani yale ni ya mpakani au ni ya kaburini, na pale hapakuwa na mpaka. Hapakuwa na msiba vilevile. Hakuna aliyelia, hakuna aliyelala matangani, hakuna sufuria lililoinjikwa. Kaburi bila kilio! Watu wakajumlisha wenyewe, wakapata jibu lao.

Askari wa serikali walipokuja kufungua injini na kuishusha bondeni, hawakuuliza habari za rubani hata kidogo. Ikasemwa mzee amewafunga midomo kwa dawa. Na kwa dawa sifa tunayo mpaka Dar es Salaam, nani angebisha?

Mama alizaliwa miaka miwili baadaye, akakuta kaburi limeshapewa mwenyewe. Njiani aliitwa binti wa muuaji, na mtu hakuona haya kumwita hivyo. Posa mbili zilirudishwa. Mwishowe aliolewa na baba yangu, mtu wa Handeni aliyekuja kununua viazi na ambaye, mama hupenda kusema, hakuwa na tabia ya kuulizauliza. Babu alifariki mama akiwa bado msichana mdogo, na neno lolote juu ya jambo lile hakulitamka. Lakini mama anakumbuka alivyokuwa akimbeba mabegani kumvusha matope, mtoto mkubwa mzima, watu wakiwatazama.

Nilipostaafu ualimu, mama aliniita. Nilikuwa nafundisha historia, miaka thelathini ya vita vya watu wengine. Moyo wake ulikuwa umeshachoka, na daktari wa Lushoto alishasema tusimpandishe wala kumshusha vilima, sijui alidhani tunaishi wapi. Akaniketisha kitandani kwake.

"Mwanangu, safari yangu haiko mbali. Baba yangu nilimpenda. Nataka kujua ninakwenda kumkuta mtu wa namna gani. Nitafutie."

Nilikasirika, nasema kweli. Niliona ananipa kazi ya kumfukua babu nimwaibishe mara ya pili. Lakini mama akikuomba kitu kwa sauti ile utasema nini?

Nikaanza kwa kupanda kwenye lile shamba. Siku hizi ni kabichi tupu, na ukungu unatembea katikati ya mistari polepole, unafunika na kufunua. Mwenye shamba alinionyesha bati jeupe jepesi, kipande cha ile ndege, lenye matundu madogo yaliyopangika, analitumia kufunikia pipa la maji. Alilikuta kwa baba yake. Nikaliwekea kiganja, lilikuwa baridi, nikasimama pale muda mrefu bila sababu hadi yule bwana akaniuliza kama naumwa.

Baada ya hapo nikawa nakwenda Irente, ukingoni mwa milima wanakofika watalii, ambako mtandao unashika vizuri. Wageni walikula jibini yao na kupiga picha nyika iliyolala kule chini, buluu, haina mwisho, nami pembeni na kikombe changu cha chai nawaandikia watu wa Ulaya nisiowajua, kuulizia ndege ile. Wengi hawakujibu. Miezi ikapita. Kuna siku nilisahau kabisa nilichofuata, nikabaki nayatazama mawingu yakipita chini ya miguu yangu, najiuliza yule kijana huko juu aliona nini kabla ya kuona mahindi.

Kisha akanijibu mzee mmoja ambaye starehe yake ya uzeeni ni kutafuta ndege zilizopotea. Alinitumia picha za kurasa nne zilizoandikwa kwa mkono. Ilikuwa taarifa ya rubani mwenyewe.

Hakuuawa. Alivunjika mguu. Mtu mmoja alimkata mikanda kwa panga, akamfunga mgongoni kwa shuka, akampitisha njia za wawindaji siku mbili hadi zahanati ya misheni upande wa pili wa mlima. Jina la mtu huyo hakulijua. Aliandika kwamba kila walipopumzika mtu yule aligeuka kutazama walikotoka, akakunja mikono kifuani, akaipembeza. Rubani alielewa kwamba anaambiwa atulie, asilie kama mtoto. Akapona, akarudi kwao, na yule mzee akaniongezea kwamba alizeeka, akafia kitandani.

Nililia mbele za wageni, sikujali. Nikaikunja kofia yangu na kurudi nyumbani nikiwa natabasamu peke yangu njia nzima.

"Mama, hakuua! Alimbeba!"

"Alhamdulillahi," akasema. "Alhamdulillahi, Tate, baba yangu." Machozi yakamtoka, akayafuta kwa upindo wa kanga. Halafu nikaona uso wake ukibadilika.

"Basi pale kwenye masale amelala nani?"

Wallahi sikuwa nimejiuliza. Mwalimu wa historia mzima!

"Umenitoa kwa mzungu ninayemjua," mama akasema, "umenitia kwa mtu nisiyemjua." Usiku ule hakula, na kesho yake pia hakula, akaanza kusema kwamba pengine mzee aliua mtu mwingine, mtu wetu. Niliogopa. Niliona nimemharakisha badala ya kumpumzisha.

Aliyebaki wa umri ule alikuwa mmoja tu, bibi mdogo, mdogo wake marehemu bibi yangu, anakaa Mlalo. Nilimkuta uani akipukuchua maharage, mgongo umepinda lakini ulimi uko palepale. Nikamwamkia, nikamweleza yote. Hakuacha maharage yake.

"Nani alikuambia pale pana mzungu?"

"Kijiji kizima, bibi."

"Kijiji kizima wanaume. Wanawake walikuambia nini?"

Nikasema wanawake hawakuniambia kitu.

"Ehee," akasema. "Na hukushangaa? Tangu lini wanawake wa Malindi wakanyamaza?"

Akanisimulia. Siku tano kabla ya ndege kuanguka, dada yake alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, mimba ya kwanza. Babu alipopanda mlimani alisema atarudi mchana. Ukungu ukakaa, baridi ikaingia kifua cha mtoto, siku ya pili akafa. Zama zile, kwetu, mtoto ambaye hajatolewa nje ya mlango haliliwi na mtu. Wanawake humzika wenyewe, mahali penye majimaji, bila tuta wala alama, na hatajwi tena. Akitajwa, tumbo la mama yake linafunga. Waliojua kwamba dada alikuwa mjamzito walidhani mimba imeharibika, na jambo kama hilo haliulizwi. Bibi mdogo mwenyewe alikuwa kitoto cha kubeba maji. Ndiye aliyebeba maji ya kumwoshea.

"Mwanaume karudi," akasema, "ananyoosha mikono, apewe mwanawe. Tukamwonyesha kule kijitoni. Akang'oa masale ya mpakani kwake, akayapanda kwa mikono yake, akapandisha udongo. Tukapiga kelele, wee bwana, hivi havifanywi! Akasema, huyu nilimwacha mara moja, simwachi tena."

Hapo ndipo nilipoielewa ile mikono iliyopembezwa msituni. Babu hakuwa akimtuliza mtu. Alikuwa akimwambia mgeni wake kwamba nyumbani ana mtoto.

"Lakini bibi, si mngesema tu kwamba mzungu yuko misheni, mzima?"

"Tungesema, wangeuliza kaburi la nani. Swali lako hilo hilo." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Dada alikuwa anataka mtoto mwingine. Mzee angetaja, tumbo lingefunga. Ndivyo tulivyoamini sote, na yeye aliamini kuliko sisi. Akaona heri aitwe muuaji. Mama yako akazaliwa, lakini bado palitakiwa wadogo zake. Hawakuja. Basi ikabaki hivyo."

"Na wewe? Miaka yote hii?"

"Dada aliniapisha. Na mama yako hakuniuliza. Haya, leo kuna tumbo gani la kufungwa? Langu? Lilijifunga zamani." Akacheka, kisha akalia huku anacheka, na maharage yakamwagika mapajani mwake. Nikayaokota yote, sikujua la kufanya jingine.

Mama nilimwambia asubuhi, ukungu ukiwa bado ndani. Nilimwambia bila kuzungusha, kwa sababu nilihisi nikizungusha nitashindwa. Alinisikiliza akitazama mafiga.

"Wa kiume?"

"Wa kiume."

"Akaitwa muuaji ili mimi nizaliwe."

"Ndiyo, mama."

Akaomba kanga yake mpya. Nikamkumbusha maneno ya daktari, akaniambia daktari aje amzuie mwenyewe. Tukashuka taratibu, tukipumzika kila baada ya hatua chache, hadi kando ya kijito ambako maisha yake yote hakuwahi kukanyaga. Masale yamekuwa marefu, yanatupita vichwa, yanadondosha maji ya ukungu. Maji ya kijito yalisikika lakini hayakuonekana. Nilidhani atasoma dua, au atalia kilio ambacho hakuna aliyekilia siku ile.

Mama akaachia mkono wangu. Akakunja magoti kidogo kidogo, kama wasichana wetu wanavyofunzwa, mwanamke anayekaribia miaka themanini, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, kaka."

Akabaki ameinama vile vile, anangoja kuitikiwa. Nami nikapiga magoti nyuma yake kwenye matope, nikamwamkia mjomba wangu.