Koplo Alivyomwongezea Mkewe Nguvu

Itangazwe kwa walio karibu na walio mbali, kwa wenye masikio ya kusikia na wenye masikio ya kushikilia miwani tu, kwamba fundi cherehani ajulikanaye mtaa mzima kwa jina la Mkasi ameingia rasmi katika mazoezi ya viungo, chini ya amri ya mumewe, Koplo mstaafu, shujaa aliyelitumikia jeshi maisha yake yote akiwa ghalani, akigawa mablanketi.

Jina la Mkasi lilitokana na chuma alichokatia vitambaa, na pia ulimi wake. Ulimi ulikuwa ungali mkali. Mkono ndio uliomsaliti. Kidole gumba kilianza kugoma kufunga vifungo, kisha nyama ya kiganja ikaanza kunywea. Hospitali wakampima wakampimua, hatimaye wakamwambia ukweli: neva zinazoamrisha misuli zinakufa polepole, na misuli isiyoamrishwa hulegea. Dawa ya kuurudisha ugonjwa nyuma hakuna.

Mkasi aliuliza swali moja tu. "Kukata na kushona nitaendelea?"

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti wa raba nyeupe na sauti ya upole, hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Kwa muda, mama, tukiitunza nguvu iliyopo. Mazoezi mepesi, unyooshe viungo, na uache kabla hujachoka. Ukiamka kesho umelegea kuliko leo, ujue leo ulizidisha."

Koplo alikuwa amekaa papo hapo, anatikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Katika maneno yote hayo aliondoka na moja: mazoezi.

Asubuhi yake alisimama mbele ya kitanda, filimbi shingoni.

"Mguu sawa! Mikono juu! Chini! Juu!"

"Koplo, hata Mungu aliumba dunia akapumzika."

"Yeye hakuwa mgonjwa! Juu!"

Mkasi alimvumilia, maana alijua mumewe hajui kupenda kimya kimya. Lakini jua likipanda kidogo tu, mkono ulikuwa umekwisha kama betri ya redio, na sare za shule zimejilaza mezani zinamkodolea macho. Siku moja alikata suruali ikatoka mguu mmoja wa mtoto wa chekechea, mwingine wa mwalimu mkuu.

"Baba watoto," akasema, "filimbi hiyo ukiipuliza tena utaimeza."

Koplo akaivua, akatii. Hapo ndipo Mkasi angepaswa kushtuka. Katika ndoa yao yote, Koplo hakuwahi kutii upesi hivyo.

Baada ya hapo cherehani ikaanza kuwa nzito. Kanyagio lililozoea kwenda kama maji sasa lilikuwa kama kusukuma ng'ombe mlangoni, na kila siku ilizidi ya jana. Mkasi alitia mafuta. Akalegeza mkanda. Wapi! Basi akakaa juu ya kigoda chake, mikono mapajani, akajiambia kile alichokuwa akikiogopa: ugonjwa umeteremka miguuni. Hakumwambia mtu. Alianza kukunja vitambaa vya wateja kimoja kimoja, tayari kuvirudisha, kisha akampigia simu binti wa viungo aje amthibitishie msiba.

Binti alikuja, akapiga magoti, akaweka kiganja chini ya wayo wake. "Sukuma."

Mkasi akasukuma. Binti nusura aangukie matako.

"Mama, miguu hii haijambo! Hebu niijaribu hiyo cherehani." Akakaa, akakanyaga, akakanyaga tena, jasho likamtoka puani. "Huyu ndiye mgonjwa wa kulazwa."

Akainama kuchungulia. Chini ya kanyagio kulikuwa na kiroba cha mchanga kilichonona, kimefungwa kwenye kanyagio lenyewe kwa fundo safi la kijeshi.

Wote wawili wakamgeukia Koplo, aliyekuwa amesimama mlangoni. Koplo akaangalia dari.

"Ulikataa mazoezi," akasema. "Nikaona uyafanye bila kujua. Kila asubuhi nilikuwa naongeza kopo."

"Ewe mwanamume! Mimi nimeshaizika miguu yangu, kumbe ni makopo yako!"

Alicheka mpaka akashika meza. Machozi yaliyomtoka hayakuwa ya kicheko yote, na Koplo aliyaona.

"Sasa unataka nifanye nini?" akauliza, sauti imemshuka. "Nikae tu nikutazame ukiisha? Mimi sijafundishwa kutazama."

"Kazi ipo, baba," binti akamwambia, huku akifungua lile fundo. "Njoo." Akamwonyesha namna ya kukishika kidole cha mkewe, kukikunjua taratibu, kisha kifundo cha mkono, kisha bega. Mkewe akisema basi, ni basi. Kukata kufanyike asubuhi, mkono ukiwa mpya, kisha fundi apumzike kabla ya kushona. Koplo alisikiliza safari hii kwa masikio yote mawili. Mkasi naye akavikunjua vile vitambaa, akavirudisha mezani.

Binti alipoondoka, Koplo alipiga goti mbele ya kigoda, akauchukua mkono wa mkewe kama mtu aliyekabidhiwa bendera ya taifa. Akasafisha koo.

"Mke wangu, mbele ya Mungu na jeshi zima, naapa kwamba vidole hivi nitavilinda kwa vidole vyangu, hadi pumzi yangu ya mwisho!"

"Kata kucha kwanza."