Kufuli Nililolifuta Saa Saba Mchana

Nilipostaafu ukarani wa stoo katika shamba la mkonge, nilijifunza kompyuta nikiwa na miaka sitini na minne. Elimu hiyo ndiyo iliyonipa cheo katika kikundi chetu kidogo cha Voi. Tulikuwa tukizunguka kuwarekodi wazee wakieleza mambo ya zamani, na mimi nilikuwa mtunzaji wa sauti zao. Tuliwaomba waseme Kiswahili, ili wajukuu waliozaliwa Mombasa na Nairobi waelewe.

Chumba chetu kilikuwa juu ya duka la mabati na misumari. Mwenye nyumba alizima umeme kila jioni, kwa hiyo bakapu yetu, yaani kunakili sauti mpya kutoka kwenye kompyuta hadi diski ya nje, ilijianzisha yenyewe mchana. Ilianza saa tano, kisha tena saa saba. Kila sauti ilipita kwanza kwenye faili moja ya muda, ikaondolewa kelele, ndipo ikapelekwa mahali pake. Faili hiyo ya muda ilikuwa moja tu. Kazi mbili zikiingia humo kwa wakati mmoja, sauti huchanganyika.

Hatari hiyo nilielezwa na fundi wa duka la kompyuta, dada mmoja mcheshi aliyehamia Voi kutoka bara. Alitutengenezea kinga akaiita kufuli: faili tupu inayowekwa kazi inapoanza na kuondolewa inapokwisha. Kazi ya pili ikilikuta kufuli, haiingii. Aliniuliza ujumbe gani utokee kwenye kioo. Nikamwambia andika, "Kuna mtu ndani. Ngoja." Tulicheka mpaka akafuta machozi.

Kufuli lile lilikuwa na kasoro moja. Umeme ukipotea kazi ikiwa katikati, kazi inakufa lakini kufuli linabaki. Na umeme wa Voi ulizoea kupotea. Kila nilipoona ujumbe wangu, nililifuta kufuli kwa mkono na kuanzisha kazi upya.

"Mzee, unaangalia kwanza kama kazi imekufa kweli?" fundi aliniuliza siku moja.

"Naangalia."

"Ama unawavunjia watu mlango wa choo?"

"Wewe dada, nimefunga stoo miaka thelathini. Utanifundisha kufuli?"

Sikuwa naangalia. Nilikuwa nimeshazoea kwamba ndani hakuna mtu.

Wiki moja tulirekodi mama mmoja wa Mraru, mkongwe wa karibu miaka tisini, na mzee mmoja wa Bomeni. Zamani kwetu Taita, mtu mzima akishazikwa, baada ya muda kichwa chake kilifukuliwa kikawekwa pangoni pamoja na vya wazee wenzake. Yule mama ndiye aliyebaki peke yake katika ukoo wao akijua pango alimo baba yake, na alitueleza njia hatua kwa hatua. Mzee wa Bomeni alieleza juu ya ziwa walilokatazwa kuogelea walipokuwa watoto, wakiambiwa lina mwenyewe.

Siku ya kunakili sauti hizo, umeme haukupotea hata mara moja. Rekodi zilikuwa ndefu tu, na kazi ya saa tano ilikuwa bado inaendelea ilipofika saa saba. Ujumbe ukatokea. Joto lilikuwa kali, nami nilitaka kwenda kula. Taa ya diski ilikuwa inawaka na kuzima upesi upesi. Niliiona. Niliiona vizuri, na bado nikafuta kufuli na kuanzisha kazi ya saa saba. Taa ikasita kidogo, kama mtu anayeshika pumzi akisikia mlango umefunguliwa. Kisha ikaendelea.

Miezi ikapita. Umeme ukarudi kwa kishindo siku moja ukaunguza kompyuta na kila kilichokuwemo. Niliwatuliza wenzangu kwamba bakapu ipo. Wakati huo yule mama alikuwa ameshafariki, na mzee wa Bomeni vilevile.

Ndipo akaja binti wa yule mama. Kilima chao kilikuwa kinafunguliwa kuwa machimbo ya kokoto, na mashine zingefika baada ya siku tano. Familia ilitaka kumhamisha babu kabla mlima haujavunjwa. Nikamketisha na kufungulia sauti.

Mama yake alisema polepole, "Ukifika kileleni, pita mkuyu. Ndipo unaanza kuhesabu mawe makubwa, kutoka—"

Kukawa na pumzi moja. Halafu sauti ya mwanamume, karibu mno, "Usiende. Nimekwambia pale pana mwenyewe."

Kisha mama yake tena, mtulivu kama aliyekuwa amempisha mgeni, "La saba lina pango, mdomo wake unatazama chini. Humo ndimo alimo baba."

Binti alivuta kiti nyuma. "Huyo ni nani?"

Niliijua sauti ile. Nilijua pia saa ambayo niliiingiza humo.

"Sijui," nikasema.

"Mama alikuwa na nani mlipomrekodi?"

"Na sisi tu."

Aliiangalia spika. "Basi tumekatazwa," akasema, akaondoka.

Siku nane sikumfuata. Nilikaa chumbani mchana nikitafuta neno lililokatika. Nilifungua rekodi ya mzee wa Bomeni nikidhani litakuwa limeangukia huko. Mzee alikuwa akieleza jinsi rafiki yake alivyopiga mbizi, na pale ambapo angeibuka, nikamsikia yule mama anakohoa. Alikohoa mara tatu, kisha mzee akasema maji yakafunika tena. Neno halikuwemo. Nywele zilinisimama, ingawa nilijua kila kitu kilivyofika pale.

Siku ya tisa nilikwenda Mraru nikamkuta binti anapepeta mbaazi. Nilimweleza yote: kufuli, taa niliyoiona, chakula nilichokimbilia, na uongo wangu.

Aliweka ungo chini. "Kwa hiyo si mama aliyetukataza?"

"Mama yako aliwaelekeza. Mimi ndiye niliyemkata."

"Nimewazuia kaka zangu wasipande, baba. Walishashika panga, nikawaambia wafu wamekataa."

"Najua."

"Hujui. Twende."

Alichukua kitambaa kipya cheupe cha kumfunga babu yake, tukapanda na kaka zake wawili. Vumbi jeupe lilikuwa limekaa juu ya majani yote, hata ndege sikuwasikia. Kileleni tuliukuta mkuyu umelala, mizizi hewani. Upande wa chini ulikuwa umeshakatwa, na upande wa juu mawe makubwa yalisambaa kila mahali, mengine ya zamani, mengine yamesukumwa na mashine wiki ile ile. Yenye midomo yalikuwa mengi, na karibu yote yalitazama chini.

Binti alisimama katikati ameshika kile kitambaa kwa mikono miwili. "Wewe ndiye uliyekabidhiwa sauti," akaniambia. "Haya. Nianzie wapi kuhesabu?"

Chini watu wa machimbo wakapiga king'ora kutuambia tuondoke. Nikanyoosha mkono nimwonyeshe jiwe, nikaurudisha.