Kompyuta ya Hisa Imeniita Mama Imani

Leo mshale wa kompyuta yangu umetembea wenyewe, na mikono yangu yote ilikuwa imeshika kikombe cha chai.

Hebu nisikilizeni, jamani.

Hii kompyuta niliinunua mtumba wiki jana kwa mtu wa mtandaoni, iwe ya kununulia hisa tu. Mchana huu nikabadilisha password, nikabandika plasta kwenye kamera. Nikajiona mjanja!

Ghafla mshale ukaanza kusogea. Polepole. Ukafungua ukurasa mtupu, maneno yakajiandika:

“Mama Imani, usizime.”

Nikamwita mume wangu. “Baba Imani, ni wewe unaandika?”

“Naandika na nini? Si niko jikoni nasonga ugali!”

Nikachomoa waya wa intaneti. Mshale ukasimama.

Nimeshaipigia simu kampuni ninayonunulia hisa, wamefunga akaunti yangu kwa muda. Hakuna kilichoibwa, Mungu ni mwema.

Lakini aliyeniuzia ananijua kama Rehema tu. Mama Imani naitwa humu ndani ya nyumba tu.

Wiki nzima kompyuta hii imekaa hapo mezani ikitusikia tukila, tukiomba, tukigombana.

Nyinyi, kompyuta zenu ziko chumba gani sasa hivi?