Kikopo Kilichovuka Maji

Nywele zangu siziachi saluni. Nikimaliza kusukwa nainama, naokota zilizodondoka, nazifunga kwenye karatasi na kuondoka nazo, na msusi wangu ameshanizoea. Mimi ni nesi. Kazi yangu ni kuwaeleza watu kwamba kitu kikishatoka mwilini hakina nguvu tena juu ya mwenyewe, na naeleza vizuri tu. Halafu nikifika nyumbani nazitupa zile nywele kwenye jiko la mkaa na kusimama hapo mpaka ziishe. Bibi yangu mzaa baba alinifundisha hivyo nikiwa mdogo, na sijapata ujasiri wa kumbishia ingawa alishazikwa zamani.

Nayasema haya mapema ili usije ukadhani nawacheka wale wazee wawili wa Nansio, kule kisiwani.

Kliniki yetu hapa Mwanza iko juu ya mawe, upande ambao ziwa unaliona dirishani hata usipotaka. Tulikuwa tumeanza kupima saratani ya utumbo mpana kwa watu wa makamo na wazee, hata wasioumwa popote, na mimi ndiye niliyepangiwa kukaa nao na kuwasaidia kuchagua kipimo. Vilikuwa viwili. Cha kwanza ni kikopo: unakwenda nacho nyumbani, unachota choo kidogo kwa kijiti chake, unafunika, unarudisha, na maabara wanatafuta damu ambayo jicho haliioni. Kila mwaka unarudia. Cha pili ni kamera: unakunywa dawa ya kusafisha tumbo mpaka unabaki mtupu, kisha daktari anapitisha mpira mwembamba kwa njia ya haja kubwa na kuutazama utumbo wote. Ukiwa safi unaachwa miaka mingi. Na yeyote ambaye kikopo chake kina damu, lazima aende kwenye kamera. Karibu wote walichagua kikopo. Nani anapenda kuingiziwa mpira, jamani?

Yule mama alikuja kwa ajili ya presha. Jirani yake wa Nansio alikuwa amekufa kwa saratani ya utumbo, kwa hiyo nilipomtajia vipimo alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Mume wake alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, kofia juu ya goti. Nilimwamkia, "Shikamoo baba," akaitikia, "Marahaba, mwanangu," nikamwambia na yeye umri umefika, aingie tuzungumze. Akacheka.

"Mimi mzima. Nimemsindikiza tu."

Niliona mkanda wake. Ulikuwa na tundu mbili mpya zilizotobolewa kwa msumari, na ncha iliyobaki imezunguka mpaka ubavuni. Niliiona kabisa, wala sikuuliza kitu. Hakuwa mgonjwa wangu. Na mimi nilivyo na mdomo, siku ambayo mdomo ulitakiwa ndiyo siku niliyoufunga.

Mama alichagua kikopo. Aliuliza swali moja tu: kikishafika huku, kinalala wapi? Nikamwambia kwenye friji ya maabara. Nani ana ufunguo? Nikamtania, "Mama, unadhani kuna mtu wa kuiba mavi?" Hakucheka. Alimtazama mume wake kupitia mlango uliokuwa wazi, na mume wake akatazama chini. Kwao, nilikuja kuambiwa baadaye, kitu cha mwili hakivuki maji. Ukucha, nywele, kitovu cha mtoto, choo, vyote vinabaki kisiwani. Kikivuka, upande wa pili kuna wa kukipokea, na aliyekipokea ana njia ya kumfikia mwenyewe. Mimi niliandika jina la mama kwenye kikopo kwa kalamu ya wino mzito, nikamkabidhi.

Kikopo kilirudi kwa meli siku ya nne, ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya mfuko wa kitambaa, ndani ya kapu. Alikileta mzee mwenyewe. Alikiweka mezani akarudi nyuma hatua mbili, akabaki anakitazama.

"Umekipokea wewe?" aliniuliza.

"Nimekipokea, baba."

"Basi kimepokelewa," akasema, akavaa kofia na kuondoka.

Majibu yalitoka na damu. Asubuhi hiyo wale wadudu wadogo wa ziwani walikuwa wamepanda kutoka majini kama moshi na kufunika vioo vya dirisha, mpaka chumba kikawa giza saa nne asubuhi na tukawasha taa. Nilipiga simu Nansio. Akapokea mama. Nilimweleza taratibu: damu siyo lazima iwe saratani, wengi huonekana wana bawasiri au kidonda tu, ila kamera sasa haiepukiki. Akasema, "Nakuja," kwa sauti ya mtu aliyeshaamua mambo siku nyingi.

Sijawahi kuona mgonjwa aliyekwenda kwenye kamera vile. Wengine wanatetemeka, wanasali, wanatukana. Huyu alikunywa dawa yake yote bila kulalamika, akalala ubavu, akanishika mkono. Sindano ya usingizi ilimlegeza lakini haikumzima. Daktari alikuwa anasogeza mpira, picha inaonekana kwenye skrini, na mama anaifuatilia kwa jicho moja.

"Mmekiona?" alinong'ona.

"Bado, mama. Hakuna kitu."

"Tafuteni vizuri. Kipo humo."

Daktari alinitazama juu ya barakoa. Alifika mwisho wa utumbo mpana, akarudi polepole, akikagua kila kona. Utumbo ulikuwa safi, wa rangi ya waridi kama wa mtoto. Hakuna uvimbe, hakuna kidonda, wala bawasiri. Nikainama sikioni mwake kwa furaha, nikamwambia, "Mama, hongera, huna kitu."

Akalia. Nimeona watu wengi wakilia kwa kuambiwa kuna kitu. Huyu alilia kwa kuambiwa hakuna, na alilia kilio cha msibani, kile cha kutoka tumboni, mpaka daktari akauliza anaumia wapi.

"Siumwi popote," akasema. "Basi ni yeye."

Tulipokuwa wawili tu, akanieleza. Siku aliyofika nyumbani na kikopo, mzee alikichukua mkononi mwake. Alisema hawezi kukubali choo cha mke wake kivuke maji kikalale kwenye friji ya watu asiowajua. Lakini jina la mke limeshaandikwa, nesi anasubiri, na mke anaogopa kufa kama jirani. Akaenda nyuma ya nyumba akakijaza yeye. Aliporudi alisema, "Kama kuna wa kuchukuliwa, nichukuliwe mimi. Wewe huna lako huko."

"Na nilipokupigia simu?"

"Alikuwa amekaa pembeni yangu. Alinikataza kusema. Nikamwomba Mungu mkikute kwangu, ili kile kikopo kiwe kimefuata jina langu, siyo choo chake."

Damu niliyoitangaza kwenye simu ilikuwa ya yule mtu wa benchi, aliyekuwa ananiitikia marahaba wiki zote hizo huku anatoboa mkanda. Nilitoka nje. Alikuwa palepale, ameupa ukuta mgongo na ziwa uso, kofia juu ya goti. Nilikaa karibu yake, nikamwambia najua.

Hakushtuka. "Amekutwa mzima?"

"Mzima kabisa. Sasa ni zamu yako, baba. Ingia."

"Siingii."

Nilimweleza yote niliyosomea. Kwamba ugonjwa haukuja na kikopo, ulikuwemo kabla, ndiyo maana mkanda unapwaya. Kwamba ukiwahiwa unakatwa na mtu anaishi. Alinisikiliza kwa adabu sana, kama mtu anayemsikiliza mtoto akisoma shairi.

"Mwanangu, kile kikopo kina jina la nani?"

"La mama."

"Kilikuja kumtafuta mwenye jina, kikanikuta mimi nimekaa mahali pake. Nikikifukuza, kinakwenda wapi?" Aliinua kidole akaonyesha mlangoni, alikolala mke wake. "Kitarudi kwa mwenye jina. Kiache kwangu kimalize kazi."

Nilikasirika! Nilimwambia huo ni ujinga, mbele ya watu, mzee wa umri wa baba yangu. Kisha nikanyamaza, maana ndani ya mfuko wa sare yangu palikuwa na kikaratasi cha saluni nilichokuwa bado sijakichoma, na vidole vyangu vilikuwa vimekikunja. Nilielewa hesabu yake. Hilo ndilo lililoniogopesha kuliko uvimbe wenyewe. Wakaondoka na meli ya mchana, na nilijua namwangalia mtu anayekwenda kufa kwa hiari yake ili mke wake abaki.

Kabla ya kuondoka, mama aliniomba kikopo kingine. Nilimwambia hakihitajiki, utumbo wake umeshaangaliwa wote. "Najua," akasema. "Nipe." Akataka niandike jina lake, nikaandika.

Walirudi baada ya wiki moja, mama kwa meli ya kwanza, mzee kwa iliyofuata. Mzee aliletwa, nadhani, kwa kudanganywa kwamba mama ana presha tena. Mama alishuka kwenye bajaji bila kapu wala mfuko. Kikopo alikuwa amekishika kwenye kiganja, wazi, jina linasomeka, na hivyo ndivyo alivyokuja nacho tangu Nansio, amekaa katikati ya abiria kwenye meli, watu wanasogea pembeni. Loo! Mwanamke ambaye hakuwahi hata kutupa ukucha hovyo.

Mzee alikiona alipofika na kukaa kwenye benchi. Uso wake ulikauka.

"Hicho nini?"

"Changu," akasema mama. "Nimekitoa mwenyewe, nimekivusha mwenyewe, kila mtu amekiona. Sasa huna unachonikinga. Mahali pangu nimepakalia mimi. Toka."

Akanikabidhi kikopo mbele yake. Kilikuwa na joto la mkono wake. Nilikipokea kwa mikono miwili, na nilisema kwa sauti, sijui kwa nini, "Nimekipokea." Upepo wa ziwani ulikuwa umetulia kabisa na hata ndege makorongo waliotua juu ya mawe hawakutikisika. Mzee alimtazama mke wake muda mrefu. Kisha akanigeukia mimi.

"Hiyo dawa ya kusafisha tumbo," akauliza, "ni chungu?"

Kamera ilikikuta upande wa kushoto, uvimbe wenye damu, mkubwa kama limau. Walimkata utumbo kipande wakamuunga. Daktari alisema angechelewa kidogo tu, pasingekuwa na cha kuunga. Kikopo cha mama nilikipeleka maabara, nikasubiri majibu yake kuliko nilivyowahi kusubiri majibu ya mtihani, na nilijiona mjinga kwa kusubiri. Kilikuwa safi. Sikulala vizuri mpaka nilipoyaona majibu kwa macho yangu.

Siku hizi mzee ndiye anayeingia ndani na mama ndiye anayekaa benchi. Mara ya mwisho walipokuja nilitoa daftari letu la vikopo ili nirekebishe. Mafaili yao daktari alishayaandika upya, kila mmoja na lake, lakini kwenye daftari ule mstari wa kwanza ulikuwa bado vilevile: jina la mama, na mbele yake, damu imeonekana. Nilikuwa nimeshashika rula nipige mstari juu ya jina lake niandike la mumewe. Mama alisogea kutoka kwenye benchi, akanishika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Liache jina langu," akasema taratibu, mzee asisikie. "Kikirudi kuuliza, kinikute mimi."

Niliweka rula chini.