Jirani na Filamu ya Kisasi

Kila Jumamosi mchana jirani yangu hapa mjini New Hope, ughaibuni, mama wa Kikongo anayefua mashuka hospitalini, huweka filamu ileile ya zamani ya Waitaliano, ya kuazima maktaba. Kiitaliano hajui. Hutazama huku akichambua maharage, na vidole vyake havipitwi na jiwe. Kijana wa shambani katika filamu hiyo akishusha tu bunduki ukutani akamlipizie kisasi baba yake aliyeuawa, yeye huzima televisheni.

Leo nikamwuliza, "Mama, hutaki kujua mwisho?"

"Mwisho naujua," akasema, akiendelea kuchambua. "Mwanangu naye alienda hivyohivyo. Bunduki nilimshushia mimi."

Jioni akaniletea bakuli la maharage yale. Kijiko cha kwanza tu, nikatafuna jiwe.