Dereva wa mabibi na marehemu aliyekosa wa kumlilia

Saa nne asubuhi, theluji ya kwanza ya Novemba inaanguka Chomedey, mtaa wenye Wagiriki wengi ng'ambo ya daraja kutoka Montreal, Kanada, na kuyeyuka kabla haijakaa kwenye lami. Areti Kouvela amesimama mlangoni mwa basi, mkono ameunyoosha. Bibi wa kwanza anaushika, wa pili anauegemea, wa tatu anaukataa kwa hasira kisha anaushika.

"Polepole, mama. Basi halina haraka."

"Basi halina, wewe unayo," anajibu Bibi Stamatia, aliyekumbatia mkoba mkubwa kama mtu anayehama nyumba. "Mwaka jana ulikata kona ya darajani nusura nimeze meno."

"Si yanatoka hayo? Ungeyatia mkobani."

Basi zima linaangua kicheko. Areti anacheka nao, lakini moyoni hana raha. Leo anawavusha daraja kwenda mjini, kwenye onyesho la mchana la tamasha la filamu mpya za Kigiriki, na anajua fika kwamba wakirudi vibaya, kazi imeota mbawa.

Areti ana umri wa miaka hamsini na sita. Alizaliwa kijiji kimoja milimani karibu na Grevena, kaskazini mwa Ugiriki, akaja Montreal msichana wa miaka kumi na tisa kuolewa na Sotiris, mpishi, ambaye hadi siku ya harusi alikuwa amemwona mara mbili tu. Alishona makoti kiwandani mpaka kiwanda kikafungwa. Baada ya hapo akajifunza kuendesha basi, huku shemeji zake wakimcheka kwamba hata baiskeli hajui.

Asubuhi na alasiri huendesha basi la shule. Katikati ya siku, na mwisho wa juma, huwaendesha wazee wa kituo cha jumuiya: hospitali, kanisani, sokoni, na mara moja kwa mwaka sinema. Kituo kinamlipa dola ishirini na mbili kwa saa. Si nyingi, lakini ukimuuliza angeacha kazi ipi kati ya hizo mbili, hasiti.

"Watoto wa shule wananipigia kelele, na hawa wananipigia kelele," anasema. "Tofauti ni kwamba hawa wananijua jina. Nikiugua wananiletea supu, halafu wanakaa hapo hapo kuhakikisha nimeimaliza."

Balaa lilianza mwaka jana. Filamu waliyopelekwa kuitazama ilikuwa na bwana mmoja aliyevua nguo zote, akakaa jikoni kumenya viazi, na hadi taa zinawashwa hakuna aliyeeleza kwa nini. Mabibi walirudi wamenuna. Mabinti zao wakapiga simu kituoni kulalamika kwamba mama zao wamedhalilishwa.

"Mimi sikudhalilishwa," anasema Bibi Stamatia. "Niliudhika na vile viazi. Alivimenya ovyo, nusu imekwenda na maganda."

Lakini mwenyekiti wa kituo, Mzee Pandelis Hondros, hakutaka mzaha. Mwanzoni mwa msimu huu alimwita Areti ofisini na kumpa neno moja tu: akirudi hata bibi mmoja analia au amekasirika, safari za sinema zimekwisha, na basi atapewa dereva wa kampuni, anayeshusha watu na kwenda zake.

Kwa hiyo Areti alikuwa amekalia kuti kavu. Waandaaji wa tamasha walipomwomba achague filamu ya kuwafaa wazee, alisoma maelezo yote na kuchagua iliyoandikwa kuwa ni vichekesho. Ilimhusu fundi wa lifti wa Athens. Fundi wa lifti, alijiambia, atamuudhi nani?

Nusu saa ya kwanza mambo yalikwenda vizuri kupita matumaini. Majirani wa jengo la Thodoros, yule fundi, waligombana juu ya nani alipie lifti, na mabibi wakacheka hadi kukohoa. Walikuwa wamefika na mbegu zao za maboga zilizokaangwa, wanazipasua kwa meno gizani. Areti, aliyesimama nyuma karibu na mlango, alianza kupumua.

Ndipo Thodoros akafa.

Alifia chumbani kwake, peke yake, na majirani hawakujua mpaka lifti ilipoharibika. Kisha yakaja maziko. Padri hakuwepo, wala jirani hata mmoja. Palikuwa na karani wa manispaa akitazama saa yake, na wachimba kaburi wawili wakivuta sigara. Kwa muda mrefu hakuna aliyesema kitu kwenye skrini, na kila aliyezoea filamu za siku hizi alielewa kwamba ndivyo mwongozaji alivyotaka.

"Hana mtu?" aliuliza Bibi Garoufalia, kwa sauti ya mtu aliye sebuleni kwake.

"Shhh," ilitoka viti vya mbele.

"Nauliza, hana mtu? Hana hata dada?"

"Bibi, ni filamu," kijana mmoja alimnong'oneza.

"Naona kuwa ni filamu, mwanangu, sijapofuka. Nauliza kama hana mtu."

Bibi Garoufalia ana miaka themanini na minne. Ametoka Mani, kusini mwa Ugiriki, ambako wanawake humlilia maiti kwa beti, na mama yake alikuwa akiitwa vijiji saba kwa kazi hiyo. Alisimama, akafanya ishara ya msalaba. Wenzake wakasimama mmoja baada ya mwingine, wengine kwa mikongojo, wakisema kwa sauti, "Mungu amrehemu." Kisha Bibi Garoufalia akaanza kuimba mbolezi, palepale, mbele ya ukumbi uliojaa watu waliolipa kiingilio.

"Thodoros wee, uliyewapandisha watu ghorofani, leo unashuka na hakuna wa kukusindikiza..."

Msichana wa kuonyesha viti alikuja mbio na tochi. Alimmulika bibi, akasimama, kisha akaizima tochi na kubaki amesimama hapo hapo.

"Nilitamani ardhi ipasuke nizame," anasema Areti. "Niliambiwa nisirudishe hata mmoja anayelia. Nilikuwa na basi zima."

Walipotoka, wote walikuwa wanalia kweli, na wanawake wa Kigiriki hawalii kwa siri. Areti aliwapandisha bila kusema neno. Basi likavuka daraja kimya, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu alipoanza kuliendesha. Hata kuhusu ile kona hakuna aliyemsema.

Walipofika karibu na nyumbani, Bibi Garoufalia alisema kutoka kiti cha nyuma, "Areti, simama dukani. Tununue ngano."

"Ngano ya nini, bibi? Nani amefariki?"

"Unauliza nani? Ulikuwa wapi wewe? Thodoros!"

Areti alisimamisha basi na kugeuka. "Bibi, nisikilize kwa upole. Yule ni mwigizaji."

"Mwigizaji yuko hai, mzima, sasa hivi anakula chakula chake. Aliyekufa ni Thodoros."

Na mjadala ukaishia hapo. Mabibi waliteremka dukani na kupanda tena na ngano nzima, komamanga, zabibu kavu, lozi na mdalasini, vitu vyote vya sinia la kumkumbuka marehemu. Bibi Stamatia ndiye aliyebeba sukari, kwa sababu mkoba wake ulikuwa na nafasi.

Jioni hiyo simu ya Areti ililia. Alikuwa Mzee Pandelis. Mabinti walikuwa wameshapiga, mmoja baada ya mwingine. "Jumapili baada ya ibada nionane nawe," alisema, akakata.

Areti hakupata usingizi mzuri siku zilizofuata. Mumewe, Sotiris, alijaribu kumtuliza kwa namna yake.

"Kwani ni wewe uliyemuua huyo fundi?"

"Usinichekeshe, Sotiris. Nitafukuzwa kazi."

"Basi angalau tutaambiwa ni kwa kosa gani. Mimi mkahawa ulinifukuza bila filamu."

Jumamosi mabibi waliteka jiko la kituo. Ngano ilichemshwa, ikatandazwa juu ya vitambaa ikauke, wakagombana kama kawaida juu ya mdalasini. Padri Amvrosios wa kanisa lao alipopita na kusikia sinia ni la nani, alicheka. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, akavuta kiti.

"Mama zangu, siwezi kumwombea mtu ambaye hajawahi kuzaliwa."

"Kwa nini usiweze?" alisema Bibi Stamatia. "Kila Jumapili unawaombea wanasiasa."

"Padri," alisema Bibi Garoufalia, bila kuacha kumenya lozi, "huko Athens mwaka huu wamekufa wangapi vile vile, mlango umefungwa? Na wangapi katika hao waliitwa Thodoros? Wewe soma jina. Mungu atajua linamwendea nani."

Padri Amvrosios ana shahada mbili za teolojia na, kama mapadri wengi wa Kiorthodoksi, ana mke, naye anatoka Mani pia. Alichukua lozi moja, akasema atasoma: kwa ajili ya Thodoros, na wote waliozikwa bila watu wao.

Jumapili kanisa lilijaa kuliko kawaida, maana habari ya maziko ya sinema ilikuwa imeshasambaa Chomedey nzima. Sinia liliwekwa mbele, jeupe kwa sukari, herufi ya kwanza ya jina la fundi imepangwa juu yake kwa lozi. Areti alikaa safu ya mwisho. Mzee Pandelis alikuwa mbele, mgongo umenyooka, na Areti aliutazama mgongo ule ibada yote akitafuta dalili ya huruma.

Padri alisoma jina la Thodoros. Akasoma na lile neno, wote waliozikwa bila watu wao. Hapo Mzee Pandelis alisimama.

Areti alidhani anakuja kukatisha mambo. Lakini mzee alisema, kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kumsikia nayo, "Padri, ongeza Lambros. Ndugu yangu. Alizikwa Piraeus wakati viwanja vya ndege vimefungwa kwa ule ugonjwa. Nilimwona kwenye simu, picha ikakatika."

Padri akamwita Lambros. Kabla hajaendelea, mwanamke mmoja akataja jina. Kisha mwingine. Shangazi aliyefia Volos, kaka aliyefia Kavala, mama ambaye tiketi ya ndege ya mwanawe ilichelewa kwa siku mbili. Kila familia ya pale ina mtu wake huko ng'ambo aliyewekwa kaburini wao wakiwa kazini upande huu wa bahari. Haya huwa hayasemwi. Watu humalizia kwa kutuma shada la maua.

Areti alijikuta amesimama.

"Anestis," alisema. "Baba yangu."

Baba yake alifariki Grevena mwaka ule ule wa ugonjwa. Kwa miaka yote hiyo Areti hakuwahi kumwandalia sinia. "Niliona aibu," anasema. "Sikumzika, sasa nile ngano yake kwa uso gani? Siku ile nilipolisema jina lake na padri akalirudia, nilihisi kama mtu ameniondolea gunia begani. Nililia, na nilifurahi. Sijui kuyatenganisha."

Nje, watu wakila ngano kwa vijiko vya plastiki, Mzee Pandelis alimfuata karibu na basi. Areti alipiga moyo konde, akatangulia kusema.

"Mwenyekiti, najua ulichoniambia. Walilia, sikatai. Walilia wote."

"Nilisema akilia bibi, dereva aondoke," alisema mzee, macho bado mekundu. "Mwenyekiti akilia sikusema aondoke nani. Unataka nijifukuze?"

"Hapana, mzee."

"Basi mwakani mnakwenda tena. Na mniwekee kiti. Cha mbele, kichwa cha Stamatia kisinizibe."

Areti alishusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu siku ya sinema. Kazi ilikuwepo. Safari ilikuwepo. Alitaka kumkumbatia mwenyekiti, lakini mikono yake ilikuwa imejaa sukari na mzee alikuwa amevaa suti nyeusi.

Sasa ana mpango. Mwezi wa sita shule zikifungwa atapanda ndege kwenda Grevena, aende moja kwa moja hadi makaburini kabla hajafika kwa ndugu. Nauli ameshaanza kuiweka, na Sotiris ameahidi kwamba atajipikia mwenyewe, jambo ambalo kwa mpishi ni sadaka kubwa.

Kinachomtisha ni kimoja tu, na alimwambia Bibi Garoufalia Jumapili ile ile, alipokuwa akimfunga mkanda kitini.

"Nikifika pale nitamwambia nini, bibi? Mimi sijui kulia kwa maneno kama wewe."

"Hata usijaribu, utatuaibisha," alisema bibi. "Ukifika nipigie simu, uilaze juu ya jiwe lake, kisha unyamaze. Baba yako nitamlilia mimi."