Mbwa Aliyefundishwa Kunyamaza

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa koti lililonizidi kimo, kamba ya ngozi, na mbwa jike mzee ambaye bila shaka alikwisha kuona vijana wengi wakija na kuondoka. Ilikuwa katika hoteli moja ya ufukweni mwa ziwa, Kabezi, kusini mwa Bujumbura. Kazi yetu iliitwa kwa Kifaransa maître-chien, yaani mlinzi anayetembea na mbwa. Shefu wa posti, yaani mkuu wa walinzi pale, mwanajeshi mstaafu mwenye sauti ya kukwaruza, hakunipa mafunzo zaidi ya maneno haya: "Kijana, imbwa ikinguruma, inakuongelesha. Siku ikinyamaza, we kimbia."

Nayaandika haya kwa sababu nimechoka kuyasema mlangoni. Hakuna wiki inayopita hapa Rumonge bila kijana kuja kuniuliza ni nani atakayemfundisha mbwa wake asigombane na wenzake, na kila mmoja anataka jibu akiwa bado amekaa juu ya pikipiki. Shukeni kwanza.

Kutoka Kabezi nilihamishiwa Muhuta, kulinda ghala la saruji. Msimamizi wa pale aliamini kwamba mbwa mwenye njaa hulinda vizuri. Mbwa mwenye njaa hulinda jiko, basi. Nilimweleza, akaniambia nifanye kazi yangu, na wezi nao wakafanya yao. Baadaye nikaletwa hapa nyumbani, kwenye depo ya mawese, na hapo ndipo nilipokutana na Kaporali.

Niseme pia kwamba mimi ni Mwislamu, mtoto wa mtaa wa Waswahili, na kazi ya mbwa haikuniongezea heshima kwa majirani. Mke wangu, Mama Zaituni, aliweka sheria tangu mwanzo: koti la kazi linabaki nje kwenye ua, beseni langu ni la peke yake, na palipoguswa na mate ya mbwa panasuguliwa kwa udongo kabla sijaingia ndani. Nilizifuata sheria hizo miaka yote. Nanung'unika, lakini nafuata.

Kaporali alikuwa mbwa dume mwenye kifua kipana na sikio moja lililolala. Kwa watu hakuwa na shida. Madereva wa malori aliwajua kwa harufu, na kina mama wanaoleta vidumu vya mawese walipita mbele yake bila hofu. Shida yake ilikuwa mbwa wenzake. Alilelewa tangu mdogo amefungwa kamba fupi nyuma ya mapipa, na mbwa mwingine alimwona kupitia matundu ya geti tu. Sasa, depo ilikuwa na geti moja. Saa ya kupokezana zamu, ambayo tuliiita relève, mbwa anayetoka na mbwa anayeingia lazima wakutane hapo hapo. Kaporali alikuwa akimwona Simba, mbwa wa mwenzangu Nestor, ananguruma hadi mabati yanatetemeka. Nestor anasimama, mimi namvuta Kaporali pembeni, Simba anaingia. Kelele ilikuwepo, lakini damu haikuwepo.

Kelele hiyo ilimuudhi gérant, yaani meneja wa depo, mtu wa mashati yaliyonyooshwa ambaye hakupenda wateja wakaribishwe kwa mngurumo. Akaleta mwalimu wa mbwa kutoka Bujumbura. Mwalimu alikuja na mkanda wa shingoni wenye meno ya chuma kwa ndani. Kila Kaporali aliponguruma, mkanda ulivutwa, na meno yakamwingia. Nilimwambia gérant kwamba hayo si mafunzo, ni kumziba mtu mdomo. Akanijibu kwamba mwalimu ana video nyingi kwenye simu. Nikamwambia yule shefu wa Kabezi alisema hivi na hivi. Akaniuliza huyo wa Kabezi ana video?

Mwalimu alipoondoka, Kaporali alikuwa kimya. Kila mtu alifurahi. Walinzi walinipongeza kana kwamba ni mimi niliyemfundisha, nami nikawa natembea na kiumbe nisichokielewa, maana macho yake yalikuwa yale yale na mwili umekaza vile vile, ila sauti haipo. Usiku sikulala vizuri. Nilisema, nikarudia kusema, hakuna aliyesikia.

Haikuchukua siku nyingi. Asubuhi moja, wakati wa relève, Nestor aliona Kaporali yuko kimya, akaona leo mambo ni shwari, akamsogeza Simba karibu. Kaporali hakutoa hata pumzi. Alimrukia Simba sikioni na kulichana, na Nestor alipoingiza mkono kuwatenganisha, naye akapata jeraha. Nestor alikulia kambi ya wakimbizi huko Tanzania, na Kiswahili chake ni kile kilichonyooka cha kule. Alifunga mkono wake kwa kitambaa, akanitazama. "Mzee Ramadhani," akasema, "angenguruma tu, ningesimama." Baada ya hapo hakunisemesha kwa muda mrefu, na sikumlaumu.

Gérant aliita daktari wa mifugo aje na sindano ya kumlaza Kaporali moja kwa moja. Daktari alikuwa binti mdogo, na alifika kwa basi dogo amejaa vumbi. Alichuchumaa mbali na Kaporali, akamtazama, kisha akaniuliza mbwa mwingine akiwa umbali gani ndipo macho ya huyu hubadilika. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nikamwonyesha: kutoka hapa hadi pale kwenye kibanda cha fundi baiskeli.

"Muzee, hii imbwa haiko mubaya," akasema. "Iko na woga. Walitoa sauti, woga ikabaki."

Alimwomba gérant ampe muda, gérant akakubali kwa shingo upande. Mafunzo yenyewe aliyaeleza kwa maneno machache. Mbwa mwingine asimame mbali kuliko pale woga unapoanzia. Kaporali akimwona na kutulia, apewe ndagala mkavu, yaani dagaa wa ziwani. Kisha wote wawili watembee wakielekea upande mmoja, kila mmoja kando yake ya barabara, na nafasi ipunguzwe polepole. Akinguruma asiadhibiwe, arudishwe nyuma. Akaongeza kwamba inahitajika subira, akapanda basi akaenda zake, subira akaniachia mimi.

Jaribu kutafuta mahali patupu kwenye ufukwe huu. Tulikwenda hadi barabara ya Minago, mimi na Kaporali upande mmoja, Nestor na Simba upande wa pili. Nestor alikuwa amenuna, lakini alikuja kila siku, na hilo sitalisahau. Kila tulipopata utulivu, akatokea mtu wa baiskeli na vidumu vyake, au mbuzi, au mshauri. Washauri ndio walionimaliza. Mmoja alisema nimpe pilipili. Mwingine alisema nimtafutie mke. Fundi baiskeli alisema kosa liko kwenye jina, mbwa ukimwita Kaporali lazima apigane. Wote waliongea juu ya kichwa cha mbwa, hakuna hata mmoja aliyemtazama.

Nafasi ilipungua kidogo kidogo. Halafu asubuhi moja Nestor alisogea kupita kiasi, na Kaporali akanguruma. Mngurumo mdogo, wa mtu aliyesahau kuongea. Kisha akageuka, akanitazama. Nilimrudisha nyuma upesi, nikampa ndagala wote niliokuwa nao, na machozi yalinitoka mbele ya Nestor. Nestor akacheka, na kwa kicheko hicho tukaanza kusemeshana tena.

Furaha yetu ilifika getini ikafia hapo. Kaporali alinguruma wakati wa relève, Nestor akasimama, mimi nikasogea, Simba akaingia bila tatizo. Gérant akatoka ofisini.

"Muzee, inanguruma tena. Miye nataka imbwa yenye kunyamaza."

"Patroni," nikamjibu, "hiyo ulikuwa nayo."

Hakupenda jibu langu. Akasema wiki isiishe Kaporali akiwa pale, aondoke na mimi au aondoke na sindano. Nilibakiza muda mfupi nistaafu, na kwa hasira nikaona huo muda mfupi ni mrefu mno. Nikaomba kuondoka mapema pamoja naye. Siku ya kuagwa gérant alisimama akasifu subira yangu, na Nestor ikabidi atoke nje akacheke.

Mama Zaituni alinikuta nimesimama nje ya ua nimeshika kamba. Alinitazama, akamtazama Kaporali. Akasema mlango wa nyumba asiujue, banda lijengwe kule kwenye mihogo, na beseni ni lile lile. Nikasema sawa kwa kila jambo.

Nestor bado hupita na Simba siku ya mapumziko, tukatembea hadi ziwani. Wale wawili hawajawa marafiki. Wanakwenda kama wake wenza waliokwisha gawana jiko, hakuna anayemtazama mwenzake, na hakuna anayeumia. Kwangu inatosha.

Kwa hiyo, kijana, ukimtafutia mbwa wako mwalimu, mwulize jambo moja tu: mbwa akinguruma, wewe unafanya nini? Akijibu kwamba kwake mbwa hawangurumi, geuza pikipiki yako.

Mimi kazini nilizeeka nikisema mambo yaliyo wazi, na sikupata hata bosi mmoja wa kuniambia amenisikia. Jambo hilo bado linaniuma, sifichi. Jana jioni mbwa wa jirani alipita nje ya ua. Kaporali alinguruma kidogo, kisha akageuka kunitazama. Mama Zaituni akauliza kutoka ndani ana nini tena. Nikamwambia hana kitu, anaongea. Nikainuka na magoti yangu haya, nikamshika kamba, nikampeleka nyuma ya mihogo ambako hamwoni mbwa yule.

"Nimekusikia," nikamwambia.